Maua ya Mwembe Yanapopukutika: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo Katika Shamba la Kilimo Hai

Mwembe uliochanua barabara hupendeza kwa muda mfupi tu. Vitumba hufunguka kwenye ncha za matawi, mashada yakarefuka kwa wiki kadhaa, kisha mti mzima hubadilika rangi, kijani kikafunikwa na krimu, manjano na wekundu uliofifia, na harufu yake ikakupokea kabla hujaufikia mti wenyewe. Macho hayajashiba bado, ardhi chini ya mti imeshatapakaa maua makavu. Mkulima anayeliona hilo kwa mara ya kwanza hushtuka, na wengi hukimbilia kupulizia chochote kilichopo stoo. Mwongozo huu umeandikwa ili mkulima wa kilimo hai asimame kwanza, aangalie kwa makini, na aweze kutofautisha ua lililomaliza kazi yake na ua lililouawa.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika shamba lisilotumia viuatilifu vya viwandani. Humo hakuna dawa ya kupenya ndani ya mti na kulikomboa shada lililokwisha kuungua. Salfa, shaba na sabuni zinazoruhusiwa hukinga sehemu ambayo bado ni nzima, wala haziirudishii uhai ile iliyokufa. Kwa sababu hiyo, katika kila dalili inayoelezwa hapa kuna jambo linaloweza kufanyika leo, ambalo mara nyingi ni dogo, na kuna lile lililopaswa kufanyika miezi kadhaa kabla ya maua kuonekana, ambalo ndilo lenye nguvu. Ukaguzi wenyewe unahitaji kioo cha kukuzia cha mkononi, shuka jeupe la kutandika chini ya mti, na utayari wa kuamka mapema, kwa kuwa mengi ya kuonekana kwenye ua la mwembe huonekana asubuhi.

Maua yanadondoka kwa wingi, lakini shada ni zima

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu kuliko zote, na mara nyingi si ugonjwa. Shada moja huweza kubeba maua mia kadhaa hadi elfu kadhaa, na katika hayo yanayofikia kuwa embe lililokomaa hayafiki hata asilimia 1. Shada lililobeba embe moja au mawili hadi mavuno limefanya kazi nzuri, na yapo mashada mengi kwenye mti wenye afya ambayo hayabebi hata moja.

Chukua kijishada kimoja asubuhi, umande unapokauka, ukiangalie kwa kioo. Ua halizidi milimita chache kwa upana. Lina petali tano, aghalabu, zenye mistari ya manjano ambayo ua likizeeka hugeuka kuwa ya waridi, na katikati yake kuna kitako kilichovimba kinachong'aa kwa nekta. Sasa tafuta juu ya kitako hicho kijipira kidogo cha rangi ya kijani-manjano chenye kijiti kilichopinda kutoka ubavuni. Kijipira hicho ndicho embe lenyewe kabla halijawa embe. Ukikiona, ua hilo lina jinsia zote mbili. Usipokiona, na ukaona tu kijiti kimoja chenye kichwa chekundu au cha zambarau kinachotoa chavua, basi hilo ni ua dume, nalo haliwezi kuzaa hata likitunzwa namna gani. Shada moja huwa na aina zote mbili, na uwiano wake hutofautiana sana kati ya mbegu moja ya mwembe na nyingine. Ua dume hufunguka, hutoa chavua yake, na hudondoka. Ndivyo lilivyoumbwa.

Tandika shuka chini ya mti jioni na uliangalie kesho yake. Maua yaliyodondoka kwa kawaida ni safi, mengi yamegeuka waridi, na yamekatika kwenye kiungo chake bila kuvuta kipande cha shada. Kisha shika bua la shada lenyewe na ulipinde taratibu. Likiwa bado linanyumbulika na lina rangi yake ya kijani au nyekundu, hakuna cha kutibu. Likivunjika kama kijiti kikavu, au likiwa na weusi unaopanda kutoka nchani, soma sehemu mbili zinazofuata.

Shada limevaa unga mweupe

Unga mweupe unaofutika kwa kidole, unaoanzia mara nyingi kwenye ncha za shada na kushuka, ni ubwiri unga. Kuvu hii hushambulia maua, vikonyo na maembe yaliyo na ukubwa wa punje ya njegere au pungufu. Baada ya siku chache unga hugeuka kijivu, maua hukauka yakiwa yameng'ang'ania palepale, na shada lote huwa la kahawia kama lililopitiwa na moto, ndiyo maana wakulima husema maua yameungua.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba ubwiri unga hauhitaji mvua. Magonjwa mengi ya kuvu husubiri majani yalowe, lakini huu husambazwa na upepo na hustawi katika kipindi kikavu chenye usiku wa baridi kiasi, mchana wa joto la wastani na mawingu. Mkulima huona anga halijanyesha kwa wiki tatu, akajiona yuko salama, na wakati huohuo ndani ya mti, upande usiopata jua, mashada yanageuka meupe. Nimewahi kupita chini ya mwembe wangu siku ya kwanza nikaona mashada matatu tu yenye unga, nikaahirisha kuyakata kwa kuwa yalikuwa juu na ngazi ilikuwa mbali. Niliporudi mwishoni mwa wiki, upande mzima wa mashariki ulikuwa umepauka. Hadi leo nikiona shada moja jeupe, ngazi huletwa siku hiyohiyo.

Kinachoweza kufanyika: kata mashada ya mwanzo yaliyoshambuliwa, yatie kwenye mfuko kabla ya kuyashusha ili unga usimwagike juu ya mengine, na uyatoe shambani. Salfa inayochanganyika na maji inaruhusiwa katika kanuni nyingi za kilimo hai, na huleta faida ikipuliziwa shada linaporefuka, kabla maua hayajafunguka, kisha kurudiwa kwa kadiri ya maelekezo ya kifurushi. Kuna masharti mawili ambayo hayapaswi kupuuzwa. Kwanza, usiipulizie joto likikaribia nyuzi 32 za Selsiasi au kuzidi, kwa sababu huunguza maua yaleyale unayotaka kuyaokoa. Pili, usiichanganye na mafuta ya aina yoyote, wala usiipulizie ndani ya wiki mbili baada ya kupulizia mafuta. Bikaboneti ya potasiamu ni mbadala katika maeneo ambayo msimamizi wa ithibati ameikubali. Kabla ya kutumia chochote kati ya hivi, pata kibali cha chombo kinachoithibitisha shamba lako, kwa kuwa orodha zao hazilingani.

Lililopaswa kufanyika mapema ni kupogolea baada ya mavuno yaliyopita, ili mwanga na upepo vipite katikati ya mti. Katika mwembe uliofunga kama kichaka, salfa haifiki ndani hata ukipulizia kutwa nzima.

Madoa meusi yasiyofutika

Ukipitisha kidole na weusi ukabaki, hiyo ni chule. Huanza kama vidoa vidogo kama ncha ya sindano kwenye bua la shada na kwenye maua, kisha vidoa huungana na kuwa mabaka, na maua hunyauka. Tofauti na ubwiri unga, ugonjwa huu unahitaji unyevu: mvua ya manyunyu, ukungu wa asubuhi unaokawia kuondoka, au umwagiliaji wa kunyunyiza juu ya mti. Ukimwagilia kwa kunyunyiza wakati wa maua, basi unaualika mwenyewe.

Chule huishi msimu hadi msimu kwenye vijiti vilivyokufa, majani yenye madoa na mashada makavu ya mwaka jana ambayo hayakuondolewa. Mvua hutiririsha vimelea kutoka huko juu hadi kwenye maua mapya yaliyo chini yake. Kwa hiyo angalia kwanza kilicho juu ya shada linaloumwa. Mara nyingi utakuta kijiti kikavu kimening'inia hapo kama mwenyeji wa zamani, na kukikata kijiti hicho kuna thamani kuliko pampu nzima ya dawa.

Dawa za shaba zinaruhusiwa kwa mipaka katika kilimo hai, nami nashauri zitumike kabla tu ya maua kufunguka, kwa sababu zinaweza kulidhuru ua lililo wazi, na kwa sababu shaba haiozi wala haiondoki udongoni. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta moja ndani ya miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka, na anayeuza matunda ya kilimo hai kwenye soko hilo anapaswa kuiweka hesabu hiyo kwenye daftari lake. Minyoo ya ardhini ni miongoni mwa viumbe wanaoumia mapema shaba ikirundikana.

Magonjwa haya mawili huweza kuwa kwenye mti mmoja, na shada likishakauka kabisa huwa vigumu kusema ni lipi lililoliua. Tafuta shada lililoathirika nusu tu, uchunguze mpaka ulio kati ya sehemu hai na sehemu iliyokufa, kwani hapo ndipo ushahidi ulipo.

Majani yananata na masizi meusi yameenea

Ukigonga tawi na vidudu vidogo vyenye umbo la kabari vikaruka pande zote kwa mlio kama wa manyunyu, hao ni vipanzi wa mwembe. Hufyonza utomvu wa mashada, maua yakasinyaa, na kinyesi chao chenye sukari hudondoka juu ya majani na kuota ukungu mweusi kama masizi. Masizi hayo yenyewe hayaingii ndani ya jani, na ukitumia kitambaa chenye maji yatafutika, kwa hiyo usiyachanganye na chule. Vidugamba na vidukari pia huacha masizi, lakini wao hawaruki.

Sabuni laini ya kioevu iliyoyeyushwa katika maji huua wale inaowagusa tu, na mafuta ya mwarobaini huwapunguza wachanga. Vyote viwili vipuliziwe jua likizama, wala si asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo wachavushaji wanapofanya kazi kwenye maua, na dawa mbichi haichagui. Kumbuka pia sharti la mafuta na salfa lililotajwa hapo juu, kwa kuwa mwarobaini ni mafuta. Ikiwa kwenye mti kuna maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, sishauri kuwaondoa. Huwawinda wadudu wengi wabaya wa mwembe, ijapokuwa huwalinda vidugamba wanaowapa sukari, na hilo ni jambo la kufuatilia kwa macho.

Maua ni safi, mti ni mzima, lakini haukuweka matunda

Hapa ndipo uchunguzi unapohitaji subira, kwa kuwa chanzo kimeshapita bila kuacha alama. Nianze na baridi. Chavua ya mwembe hudhoofika pale usiku wa kipindi cha maua unaposhuka chini ya takribani nyuzi 15, na mashada yanayotokea mapema wakati wa baridi huwa na maua dume mengi zaidi kuliko yanayochelewa. Baridi pia huacha ishara moja ambayo wengi hawaitambui: maembe madogo, mengi katika shada moja, yanayofikia ukubwa wa gololi au zaidi kidogo na kukoma hapo. Lipasue moja. Kokwa lake ni tupu, kwa sababu kiini kilikufa kikiwa kichanga. Maembe ya namna hiyo hayatakua, na ni afadhali yatolewe ili mti usiyalishe.

Mvua ni chanzo cha pili. Ikinyesha asubuhi chache mfululizo katika kilele cha maua, huiosha chavua na kuwazuia wadudu kuruka. Ncha ya ua inayopokea chavua huwa tayari zaidi katika saa za mwanzo baada ya ua kufunguka, na ua hufunguka usiku au alfajiri, hivyo asubuhi iliyopotea haifidiwi na jua la alasiri. Hakuna kitu cha kufanya siku hiyo. Baada ya mvua unaweza kuyatikisa mashada kwa upole ili maua yaliyokufa na maji yaliyotuama yaanguke, jambo ambalo pia huipunguzia chule makazi.

Chanzo cha tatu, na ambacho ningependa kila mkulima akitazame shambani mwake, ni uhaba wa wachavushaji. Nyuki huutembelea mwembe, lakini akipata maua yenye nekta nyingi zaidi jirani huenda huko. Kazi kubwa hufanywa na inzi wa aina nyingi: inzi wakubwa wenye rangi ya buluu inayong'aa, inzi wadogo wanaoelea hewani kama wamening'inizwa kwa uzi, pamoja na nyigu na sisimizi. Simama mbele ya shada moja kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, siku isiyo na upepo, uhesabu wadudu wanaotua kwa dakika 10. Kama hakuna hata mmoja aliyetua katika mashada matano mfululizo, umepata jibu lako.

Inzi hao wanahitaji mahali pa kuzaliana na pa kula wakati mwembe hauna maua. Shamba lililofyekwa hadi likabaki udongo mtupu, likafagiliwa kila jani, hupendeza kwa mgeni lakini halina chakula kwa mchavushaji. Acha ukanda wa maua ya porini pembezoni, panda giligilani na shamari kati ya mistari uziache zichanue, na usogeze lundo la mboji inayooza karibu na miti wiki chache kabla ya maua. Wapo wakulima wanaotundika mabaki ya samaki chini ya miti ili kuvuta inzi wa buluu, na njia hiyo inafanya kazi kwa anayeweza kuivumilia harufu yake.

Upungufu wa boroni nao huzuia chavua kuota, lakini usiuhukumu kwa macho. Kanuni za kilimo hai kwa kawaida hudai kipimo cha udongo au cha majani kabla ya kuongeza madini hayo, na zina haki, kwa sababu umbali kati ya kiasi kinachofaa na kiasi chenye sumu ni mdogo.

Mti haukuchanua, au umechanua upande mmoja

Upande mmoja ukiwa na maua na mwingine ukitoa majani mekundu machanga, usitafute ugonjwa. Kila sehemu ya mwembe huenda kwa kalenda yake. Tawi huchanua ikiwa chipukizi lake la mwisho limekomaa kwa miezi kadhaa, takribani minne au mitano katika ukanda wa joto, kisha likakutana na baridi ya usiku au ukame. Upande uliochipua kwa kuchelewa haukuwa tayari ishara ilipokuja.

Mti mzima ukikosa maua, jiulize maswali matatu. Ulipogolea lini? Ukikata ncha za matawi miezi miwili kabla ya msimu wa maua, umeondoa mahali ambapo maua yangetokea, na machipukizi mapya hayatawahi kukomaa. Ulimwagilia na kuweka samadi lini? Samadi nyingi yenye naitrojeni, pamoja na maji yasiyokatika, huusukuma mti kutoa majani. Kwa mti uliokwisha kukua, maji hupunguzwa au kusimamishwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya maua, na mboji huwekwa mara tu baada ya mavuno. Swali la mwisho ni la mwaka uliopita: je, ulibeba sana? Mbegu nyingi za mwembe huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata, kwa sababu mti umetumia akiba yake ya wanga kulisha matunda, na ukachelewa kuchipua. Kuvuna mapema badala ya kuyaacha maembe yaivie mtini, kisha kupogolea na kuulisha mti wiki hiyohiyo, hupunguza tofauti hiyo, ingawa kwa mbegu nyingine haiondoki kabisa.

Katika mashamba ya kawaida, mti kama huo hupuliziwa nitrati ya potasiamu au kumwagiwa paklobutrazoli shinani ili uchanue kwa lazima. Mkulima wa kilimo hai hana ruhusa hiyo. Kalenda ya kupogolea ndiyo chombo chake, kwa hiyo na aitunze.

Shada limevimba na kufungamana kama koliflawa

Shada fupi, nene, lililosongamana, lenye maua mengi yasiyozaa na linalobaki mtini likiwa jeusi, limeharibiwa na kuvu ya jamii ya Fuzari, ambayo vimelea vyake hubebwa pia na utitiri mdogo wa vitumba. Likate sentimita 30 au zaidi chini ya uvimbe, safisha mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa tawi jingine, choma ulichokata, na usichukue vikonyo vya kubebeshea kwenye mti huo.

Maembe ya ukubwa wa gololi yanadondoka

Katika wiki za kwanza baada ya maua, mti hupunguza wenyewe yale usiyoweza kuyabeba, na wingi wake hutisha. Lipasue lililodondoka. Likiwa na kiini kizima na halina tundu wala doa, angalia udongo: maji yaliyozuiliwa kabla ya maua yanapaswa kurudishwa matunda yanapotunga, kidogo kidogo, chini ya matandazo mazito yasiyogusa shina. Likiwa na weusi kwenye kikonyo, rudi kwenye chule. Likiwa na kiini kilichonyauka, ilikuwa baridi au chavua haba. Andika idadi ya kila aina pamoja na tarehe na upande wa mti, kwa sababu msimu ujao maua yatadumu siku zilezile chache, na daftari hilo ndilo litakalokuonyesha uanze kuangalia wapi.